Ubatizo wa Jumamosi Mbili

Newala, Jumatatu, 12 Februari 1906

Nimefagia kanisa. Nimefukuza mbuzi wa Jumbe madhabahuni, mara ya pili wiki hii. Wanene, mbuzi hao. Vita vilichoma maghala yetu yote, lake likabaki. Askari wa Kijerumani walikuwa wageni wake. Sisi tunachimba mizizi ya ming'oko porini tupate kula.

Watoto tisa watabatizwa Jumamosi. Orodha nimeiandika mimi. Juu kabisa ni Agnesi, mjukuu wa Bibi Asumini. Alizaliwa porini watu wakikimbia vita, mama yake akafia huko huko. Mtoto ni mgonjwa, ndiyo maana nimemtanguliza.

Jumatano, 14 Februari

Jumbe hataki mwanawe aguswe na maji ya watoto wa watumwa wa baba yake. Bibi Asumini alikuwa mmoja wa watumwa hao. Shemasi Danieli alikuna kidevu hadi hekima ikatoka: Jumamosi hii mtoto wa Jumbe peke yake, wengine wanane Jumamosi ijayo. Tuwaambie maji ni haba. Ni haba kweli, wanawake wanayafuata bondeni na kupanda nayo mlima. Lakini kichwa cha mtoto hakinywi mtungi.

Padri yuko Masasi, anajenga palipoungua. Nimeandika orodha upya. Misheni hunipa kibaba cha mtama kila siku, na mdomo uliojaa mtama hausemi.

Jumamosi, 17 Februari

Mtoto wa Jumbe amebatizwa. Shemasi alihubiri kwamba mbele ya Mungu tajiri na maskini ni sawa. Jumbe aliitikia amina kwa sauti kuliko sote. Yeye kitini, sisi mkekani.

Jumanne, 20 Februari

Bibi Asumini kanikuta nafagia. Nikamwamkia.

"Marahaba, Baba Yohana. Mtoto hanywi tena uji. Hebu mbatize wewe."

"Mimi mfagiaji, Bibi."

"Ulitufundisha mwenyewe. Mtu akiwa kufani, Mkristo yeyote aweza."

Nilifundisha, ni kweli, katika darasa la ubatizo. Nikamwambia Jumamosi si mbali.

"Kwako," akasema. "Nataka tu awe na jina kwa Mungu, kama huyo wa Jumbe."

Nilimwogopa Shemasi. Niliogopa kwa ajili ya kibaba. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Alhamisi, 22 Februari

Usiku sikulala. Alfajiri nikachukua bakuli la maji, nikaenda. Bibi Asumini alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mapajani. Mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha kupoa. Hata hivyo nikammwagia maji mara tatu, nikamtaja jina. Yakatiririka mpaka kwenye kanga ya bibi yake. Hakuyafuta.

Shemasi akasema asiyebatizwa hazikwi kwenye uwanja wa kanisa. Azikwe kule vichakani.

"Nimembatiza," nikasema.

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Alikuwa hai?"

Nikainama kuchukua jembe.

"Alikuwa anapumua," akasema Bibi Asumini. "Nilimshika mimi."

Tumemzika pembeni mwa ukuta wa kanisa, jirani na alipozikwa mama yake Jumbe. Kaburi fupi kama jembe. Nimelichimba peke yangu.

Jumapili, 25 Februari

Padri amerudi. Jana aliwabatiza saba waliobaki. Akaniuliza habari za Agnesi, nikamjibu kama nilivyomjibu Shemasi: nilimbatiza alfajiri. Ameandika jina lake daftarini, chini ya la mtoto wa Jumbe, kwa wino ule ule. Akanishukuru. Hilo limeniuma kuliko kipigo.

Leo meza ya Bwana. Jumbe alitangulia, Shemasi nyuma yake, kisha wengine wote. Mimi sikusimama. Nilidhani nimebaki peke yangu. Nilipogeuka nikamwona Bibi Asumini, naye hakusimama. Tukakaa hivyo mpaka kikombe kikaisha kuzunguka. Kisha akanisogezea mkeka kidogo, nikasogea.