Nimejibu Barua ya Kazi kwa Jina la Mume Wangu

Mpendwa Shangazi Hilaria, shikamoo. Nina miezi mitatu kwenye ndoa na bado nikisikia pikipiki ya Elisaria ikiingia hapa kwetu Rau moyo unanidunda, ni mwanaume anayenimenyea ndizi za mtori huku ananiimbia, kwa hiyo usidhani nalalamika, naandika kwa sababu nimekosea. Mume wangu anaandika programu, na kwa miaka sita amejitolea kutunza kipande cha kiini huria, yaani ile programu ya ndani kabisa ambayo simu na kompyuta nyingi duniani zinaitegemea na yeyote anaruhusiwa kuitumia, na kipande chake ndicho kinacholaza simu isimalize chaji. Kampuni moja ya simu ilikichukua, ikakibadilisha kimyakimya kwa ajili ya simu zake, sasa imeleta mabadiliko yote kwa mkupuo ikitaka ayapitishe yalivyo, naye amekataa, anasema yataharibu kompyuta za wengine. Injinia wao, Julius, alimpigia nikiwepo: "Kaka, pitisha, halafu njoo tukuajiri." Elisaria akacheka: "Ndugu yangu, maji ya mfongo mnakunywa, siku ya kuusafisha hamuonekani."

Jumamosi akapanda Machame kusafisha huo mfereji wa ukoo na baba yake, akaacha kompyuta wazi, barua pepe ya Julius ikaingia ikirudia ombi lile na ahadi ya kazi, nami nikawaza nyumba yetu yenye roshani tukiutazama mlima wawili tu, nikajibu kwa jina lake, "Nimekubali, nitayapitisha." Julius akashukuru, akasema watatangaza habari hiyo mwezi ujao. Nikafuta barua zote. Elisaria akarudi na matope mpaka magotini, akanibusu, nikamtekea maji ya kuoga. Je, nikinyamaza si ni kwa faida yake?
Loveness, Rau

Marahaba, Loveness, na hongera kwa ndoa. Lakini hapo hukumpenda, ulimsemea. Wenzake wa dunia nzima wanaotunza kiini hicho hawamjui sura. Wanamjua kwa anachokipitisha na anachokikataa. Umekitoa hicho kwa roshani.

Nimekulia Kibosho. Baba hakumnyima mtu maji ya mfongo, alimuuliza tu, "Ulikuwa wapi tulipokuwa tunazibua?" Kampuni hiyo haikuiba. Kosa lake ni kujitenga, kisha kumwaga tope lote mlangoni kwa mumeo. Naye asiishie kucheka kwenye simu. Awaandikie mbele ya wote: walete vipande vidogo vidogo, kila kimoja kimejaribiwa. Wakimpa kazi bila sharti la kupitisha, aichukue, mjenge na hiyo roshani.

Wewe mwambie leo, kabla hajavua buti. Najua umeshalifikiria jani la isale la kuombea msamaha. Liache kwanza. Ukimpa kabla hujasema, unamlazimisha asamehe asichokijua. Atakasirika, pengine siku nyingi. Usimkimbilie mama yako. Julius aandikiwe kwamba jibu lile halikuwa la Elisaria. Andika wewe, uweke jina lako.

Ukishaituma barua hiyo, nenda kachume isale.