Tozo ya Nyumba ya Kona

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto, na natumaini barua hii itawakuta wazima na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunavuta pumzi. Wapwa zako wanakua, viatu haviwakai miezi mitatu. Baba yao anatembea kwa fimbo, lakini anatembea.

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini Mama mkubwa anaishi kwangu, nilikwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nimeona nikuandikie, maana kwa mdomo sitaweza.

Barabara yetu unaijua ilivyokuwa. Mwaka juzi shemeji yako alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikwama kule mwanzo wa mtaa. Majirani wanne wakambeba juu ya ubao wa mlango, tope likiwafika magotini. Wakateleza, akaanguka, nyonga ikavunjika. Tangu siku ile nililichukia tope lile kama mtu aliyenikosea.

Halmashauri ikasema itaweka lami na mifereji, ila gharama zilipwe na wenye nyumba, kila mmoja kwa urefu wa upande wake unaotazama barabara. Na ni lazima zaidi ya nusu yao wakubali kwa maandishi. Tukaunda kamati. Fundi Saa akawa mwenyekiti, mimi katibu. Nikapita mlango kwa mlango na fomu na kidau cha wino kwa wale wasiojua kuandika.

Mama mkubwa alikataa. Nilimkuta kwenye cherehani yake, akishona sare za shule. Alisema nyumba yake iko kona, pande mbili zinatazama barabara, kwa hiyo atatozwa maradufu, na ile cherehani moja haina ubavu huo. Halafu akacheka, unamjua alivyo. Akaniuliza, "Nikishatozwa hiyo lami yenu, mwanangu, nitaitembea nikitokea nyumba gani?"

Fomu ikapelekwa siku ya mwisho, ikatimia kwa mtu mmoja tu. Mtaa mzima ulishangilia. Lami ikaja, nyeusi, nzuri. Hata pikipiki iliyobeba mgonjwa sasa inapita bila kutetereka.

Kisha hati za malipo zikatoka. Mama mkubwa akaenda ofisini kusema hakukubali chochote. Karani akamwonyesha fomu, na mbele ya jina lake kuna alama ya dole gumba. Tukaitwa kamati nzima. Fundi Saa akasema kwa upole kwamba uzee una mambo yake. Mama mkubwa alinigeukia mimi, akasema, "Wewe ndiye uliyekuja na fomu. Nilitia dole?"

Nikamjibu, "Ulitia, Mama. Umesahau tu."

Alilipa awamu mbili, ya tatu ikamshinda. Nyumba ikapigwa mnada, ikachukuliwa na muuza rangi. Nikamleta kwangu, watu wakanisifu. Lakini aliyekuja hakuwa yule tuliyemjua. Aliacha kushona, akihofia kuharibu vitambaa vya watu. Funguo za sanduku lake akanikabidhi. Jikoni hakanyagi. Akimaliza kula huniuliza kama ameshakula, si kwa kuwa hajui, bali anataka mtu mwingine amhakikishie.

Wiki iliyopita aliniomba nimpeleke hospitali akapimwe akili, kisha nimtafutie mahali pa kufungiwa, asije akatuunguza sisi na watoto. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeagiza sukari.

Dole lile ni langu. Nilikaa chumbani na fomu iliyopungukiwa na mtu mmoja, nikasikia shemeji yako akigugumia kwa maumivu ya nyonga, nikachovya dole langu kwenye wino. Nilijiambia tutamchangia. Hakuna aliyemchangia, na mimi mwenyewe sikumchangia.

Nilikaa sakafuni mbele yake nikamwambia yote. Akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?"

Nikamwambia hakusahau.

"Hata siku ile ofisini, nilikuwa na akili zangu?"

"Ulikuwa nazo zote, Mama."

Akalia, kaka, na sikumsikia akiitaja nyumba hata mara moja. Alipomaliza alinyoosha mkono nimrudishie funguo zake. Akaingia jikoni, akawasha jiko mwenyewe, akapika chai. Kikombe kimoja tu. Akakinywa amesimama, amenipa mgongo.

Jana nilikwenda halmashauri na Fundi Saa, nikaandika maelezo na kuyatia saini. Wamesema nyumba ikishauzwa hairudi. Shauri langu limepelekwa polisi, nimetakiwa niripoti Jumatatu. Shemeji yako hasemi nami. Anasema ni afadhali angeendelea kukanyaga tope.

Nakuomba uje umchukue Mama mkubwa. Ameniambia mwezi huu hauishi yeye akiwa chini ya paa langu. Njoo na wifi, anampenda. Mnunulieni miwani, anataka kurudi kwenye cherehani.

Wapwa zako wanakuamkia, na wafikishie wanao busu langu. Mama mkubwa anakusalimu sana. Amesimama mlangoni sasa hivi kuhakikisha naiandika salamu yake kama alivyoitamka. Kwangu mimi bado hajaitikia shikamoo.

Ni mimi,
Mdogo wako