Mwambire Mangi, Paa la Nyumba ya Nyuma Limeezekwa

Mwaka umetimia, Mwambire, tangu asubuhi ile ulipofungua geti la yadi yako hapa Gede, ukakaa juu ya mzigo wa makuti ukasema unapumzika kidogo, na hukuinuka tena.

Familia imenipa mimi kalamu kwa sababu ni kaka yako mkubwa, si kwa sababu najua kuandika. Shule yangu unaijua: miezi michache Kaloleni, miezi michache kwa wamishonari, kisha barabara. Ninapokosea, wasomaji wanisamehe. Wewe ulikwisha kuzoea.

Tunakukumbuka ukiwa mdogo kwenye shamba la baba kule Kaloleni, umekaa chini na mama mnashona makuti, majani ya mnazi yamelowekwa, vidole vyako vimekwaruzika. Mimi nilikimbia kazi ile. Wewe uliipenda. Ulianza kwa kufunga mizigo kwenye baiskeli ya baba na kuisukuma hadi kwa wajenzi, na mwisho wake hoteli za Watamu zilikuwa zikituma malori kwako. Na mpaka siku ya mwisho, kila kuti lililoletwa na akina mama waliokuwa wakikushonea uliliinua juani kwa mikono miwili. Likipitisha mwanga, ulisema neno moja tu: "Rudisha." Hukugomba. Mama Zipporah, mmoja wao, anasema heri ungegomba.

Huyo huyo Mama Zipporah nyumba yake ilipoungua, alirudi kutoka kwa jirani alikokwenda kulia akakuta fito zimeshasimama na wewe uko juu na shati la kanisani, unaezeka. Hakuwa amekuomba. Alipokushukuru ulimwambia, "Mama, nishushe kwanza, ngazi wamechukua watoto."

Tunakukumbuka saa sita mchana. Lori liwe limejaa nusu, dereva awe na haraka zake, wewe ulifunga geti ukaenda kula nyumbani na mkeo Kache na watoto. "Lori halipoi," ulikuwa ukiwaambia. "Sima inapoa." Sima na mtsunga, mboga chungu ambayo watoto wako waliikataa mpaka walipokuwa watu wazima, na sasa wanaililia.

Na kile kichekesho chako na Utsav wa duka la vifaa vya ujenzi, ng'ambo ya barabara, bado watu wanakisimulia. Siku ulipokwenda kwake kununua mabati ya nyumba yako mwenyewe, alikushika mkono akacheka: "Bwana Mwambire, wateja wako wakijua?" Ukamwambia, "Watajua kwa nani, kama si kwako? Nyamaza nami ninyamaze. Baraza yako nani aliiezeka?" Maana mwuza mabati alikuwa akinywa chai yake chini ya makuti, na makuti yenyewe yako. Utsav alikuja kwenye matanga akakaa siku zote tatu. Alisema hana tena mtu wa kumtukana asubuhi.

Lakini ndugu yangu, nyumba moja katika boma lako haikuwa ya bati. Ile ndogo ya nyuma, karibu na choo cha zamani. Uliijenga mwaka mama alipofariki, ukasema ni ya Gerishom, yaani mimi. Gerishom mwenyewe nilikuwa wapi, sikumbuki, Hola au Garsen. Paa lake ulilibadilisha mara tatu, na mimi sikulala humo hata miezi sita ukijumlisha miaka yote. Kache alikuuliza, "Unamwezekea nani, Baba Mangi? Panya?" Ukamjibu, "Namwezekea mwenye nyumba."

Kila niliporudi ulinikuta nimekaa mlangoni ukauliza, "Safari hii unakaa?" Nilisema nakaa. Wiki ya pili nikawa nimefunga mzigo. Hukunilaumu hata mara moja, ulinisindikiza mpaka stendi ukinibebea begi, mdogo wangu mwenye malori nje ya geti lake.

Mara ya mwisho hukuuliza. Ulitazama juu ukasema, "Hili litafika masika ya mwakani. Likianza kuvuja, njoo."

Uliondoka, nami sikuwepo. Nilifika siku ya pili baada ya kukuzika, na hakuna aliyenisema. Kache alinipa ufunguo wa nyumba ya nyuma na ndoo ya maji ya kuoga. Nilikaa mwezi, nikaondoka tena. Naandika haya kwa aibu. Nilikwenda Marereni, nikawa mlinzi kwenye mashamba ya chumvi, na mvua ya kwanza ya masika ilipoanza kupiga bati la kibanda cha mlinzi nikakumbuka maneno yako. Nikaomba ruhusa, sikurudi.

Nilikuta kitanda chako ulichoniwekea kimelowa. Watoto walikuwa wameshakaa kikao. Mwanao Mangi, ambaye ana busara zako ila hana subira yako, alitaka nyumba ibomolewe pawe na ghala. Alisema kwa adabu, "Baba mkubwa, nyumba isiyolaliwa inatutia nyoka." Ni kweli. Kabibi, binti yako anayeendesha yadi sasa, alitazama paa.

Nikasema, "Nitaiezeka mimi."

Kache akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. "Shemeji, umetuambia nakaa mara ngapi?"

"Sikusema nakaa. Nimesema naezeka."

Basi Mwambire, mzee wa miaka sabini na moja nimekaa chini na akina Mama Zipporah kujifunza kazi niliyoikimbia nikiwa na kumi na mbili. Wamenicheka mpaka wakachoka. Kuti langu la kwanza nilimpelekea Kabibi. Akaliinua juani kwa mikono miwili. Nikaona jua limempiga usoni vipande vipande.

"Rudisha, baba mkubwa."

Hakugomba. Nimerudishiwa mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hadi paa likatimia. Wiki iliyopita, mvua ya mwisho mwisho ilinyesha alasiri nzima, watoto wa Mangi wakaingia humu na vikombe kutega matone. Walitoka na vikombe vikavu, wamekasirika.

Kitanda kimekauka. Begi langu nimempa Kabibi anawekea kamba za kushonea. Swali ambalo mara ya mwisho hukuniuliza nalijibu hapa, mbele ya watu wote watakaosoma: safari hii nakaa, ndugu yangu.

Ibada fupi ya kukukumbuka itakuwa nyumbani, Gede, Jumamosi asubuhi. Saa sita geti litafungwa, tutakula.

Unakumbukwa na mkeo Kache, watoto wako Mangi, Kabibi na Fridah, wajukuu, dada yako Kahonzi wa Kaloleni, rafiki yako Utsav, Mama Zipporah na wenzake wote wa yadini, na kaka yako Gerishom, wa nyumba ya nyuma.

Hatujakusahau hata siku moja, Mwambire, na hatutakusahau kamwe.