Pale Ulipokuwa Ukipumzika

Mama,

Assalamu alaykum. Wanaume wa nyumba hii hukupa salamu hiyo makaburini kila wakipita. Mimi nimebaki na kalamu. Hamisi, mwanao na mume wangu, ameniona nimekaa jikoni na karatasi, akadhani naandika vitu vya kununua sokoni. Nimemwacha adhani hivyo.

Baridi ya Julai imefika, na ukungu wake ule uliokuwa ukikutesa. Vilima vya Iveti havionekani hadi jua lipande. Kila asubuhi nikiwasha jiko natega sikio nisikie kifua chako kikipiga filimbi kule chumbani, na kule ni kimya. Zaituni, mjukuu wako, ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka. Kanga yako ya rangi ya zambarau ameiteka, anaiburuta vumbini nyumba nzima, na mimi sina moyo wa kumnyang'anya.

Mama Mutua, jirani yetu, alikuja na mtoto ana homa. Alitoka kanisani moja kwa moja akaja, kama alivyozoea, akafika mlangoni, akakumbuka kwamba hupo tena. Akalia palepale na mtoto mgongoni. Nilimwambia uliyokuwa ukimwambia siku zote, kwamba hospitali kwanza, kusomewa maji kwa Qurani hakukatazi sindano. Akaenda, na mtoto amepona. Lakini alipokuwa akitoka aliniomba nimsomee maji ya kumpa mtoto, nami sikuweza.

Hilo ndilo lililonikalisha hapa. Tangu uondoke, Mama, siwezi kuimaliza sura yako ya Wadhuha.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Nilikuja kwako kutoka Kathiani, msichana wa kwaya, sijui alifu wala be. Hukunipa kitabu. Ulinipa uteo wa ndengu, ukaniambia nichambue, na wewe ukaanza kusoma. Kipande chako, kipande changu, jiwe likionekana linatupwa mlangoni. Ukifika pale Mungu anapomwambia Mtume kwamba hakumwacha, pumzi ilikuwa inakukatikia. Unashika kifua, unavuta hewa, unarudi nyuma kidogo, unalisema tena neno lile, ndipo unaendelea kwamba wala hakumkasirikia. Nami nikavibeba vyote, maneno na kituo na kule kurudi. Nilijua ndivyo sura ilivyoshuka. Nilijua pale Mungu anasema mara mbili.

Maana yake sikuijua, wala wewe hukuijua. Nilikuwa nikikuuliza hadi unachoka nami. "Wewe soma, Mwende, maana itakuja na miguu yake." Ikaja kweli, mwaka ule wa mvua ya El Nino iliyobomoa choo chetu, Hamisi aliporudi kutoka Athi River na ile tafsiri nene ya Qurani kwa Kiswahili. Macho yako yalikuwa yamechoka, kwa hivyo wewe ulisoma Kiarabu kwa moyo nami nikakusomea Kiswahili. Tulipofika kwenye Wadhuha nikakusomea kwamba Mola wako hakukuacha. Kisha kwamba, je, hakukukuta yatima, akakupa makao? Ukaninyang'anya kitabu kana kwamba unaweza kukisoma. Wewe uliyelelewa na shangazi, hata sura ya mamako huijui. Ulikuwa umewasomea Wadhuha wagonjwa wa mtaa wetu wote wa Majengo tangu usichana wako.

"Kumbe nilikuwa nikiambiwa mimi?" ukasema.

Ulilia, nami nikalia, na ndengu zikaungua. Sijawahi kupenda harufu ya ndengu zilizoungua kama siku ile.

Sasa sikiliza yaliyotokea siku ya hitima yako. Wanawake walijaa chumbani, wakagawana juzuu. Mimi niliombwa na Bi Rukia wa madrasa nisome Wadhuha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yako. Nikasoma. Nilipofika pale nikasimama, nikashika kifua, nikarudi, nikaendelea. Bi Rukia akaniuliza kwa upole nani kanifundisha kurudia. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akafungua msahafu, akaweka kidole. Iko mara moja tu, Mama. Nilitamani sakafu ipasuke. Halafu akaufunga msahafu, akaukumbatia, kumbe mlisoma chuo kimoja cha Qurani mkiwa wasichana.

"Hicho ni kifua cha Zuhura," akasema.

Chumba kizima kikacheka na kulia kwa pamoja. Akanieleza kwamba hukukosea, mwenye kuishiwa na pumzi anaruhusiwa kusimama, arudi nyuma kidogo, aendelee. Mwenye pumzi nzima ndiye anayepita moja kwa moja. Nilishukuru. Lakini tangu siku ile, nikisoma moja kwa moja naona nimekuruka. Nikirudia, naogopa nisije nikawa naongeza neno katika maneno ya Mungu kwa ajili ya kukuigiza. Basi nafika pale, nanyamaza, nafunga kinywa. Nilikukosa wewe, sasa nimeikosa na sura.

Mwezi uliopita wakaniita Kathiani. Mwaitu, mama yangu mzazi, moyo wake umechoka, miguu imevimba. Daktari amempa dawa na anazimeza vizuri. Unamjua Mwaitu. Nilipoingia katika dini yenu hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kimya chake kilinichoma kuliko matusi. Alilainika siku nilipojifungua Zaituni, alipokuja hospitalini akakukuta umeinama kitandani kwangu unasoma. Alisimama mlangoni na chupa ya uji hadi ulipomaliza. Sikujua kama alikuwa amesikiliza.

Safari hii alinishika mkono. "Ile kitu huyo mama alikuwa anakusomea ukiwa na uchungu, nisomee. Lakini uniambie inasema nini."

Ningemkatalia vipi? Nikakaa kwenye kigoda, rozari yake iko kwenye msumari juu ya kichwa chake, nikaanza. Niliapa moyoni nitapita moja kwa moja, kama kidole cha Bi Rukia kilivyonionyesha. Mama, sikufika. Nilimwona Mwaitu amefumba macho, mashavu yameingia ndani, na palepale, pale pako, kilio kikanikaba na pumzi ikaniishia. Haikuwa pumzi yako. Ilikuwa yangu. Nikashika kifua, nikavuta hewa, nikarudi nyuma kidogo, nikasema tena, nikaendelea. Nikaimaliza.

Kisha nikamweleza maana kwa Kikamba, polepole, aya moja moja. Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno yale kwa lugha aliyoninyonyeshea. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Hapo penye hajaniacha, sema tena."

Nikasema tena.

Bado anaumwa, sitakudanganya. Lakini huniulizia Jumamosi ikifika, na akiniona anajisogeza ukutani nipate pa kukaa. Mama Mutua naye nimemsomea maji yake, nikamweleza nilichosoma.

Lala sasa. Huko hakuna ukungu wa kukubana kifua. Mungu akupanulie hapo ulipo, akuonyeshe na sura ya mamako.

Ahadi yangu ni hii. Nitamfundisha Zaituni Wadhuha kutoka kwenye msahafu, ilivyo, na maana yake nitampa siku hiyohiyo, asingoje hadi macho yachoke. Pumzi yake ni nzima, atapita pale mbio kama anavyopita kwenye matope. Ila nitamwambia kwamba siku pumzi ikimwishia, asiogope kusimama na kurudi nyuma. Nyanyake alikuwa akirudi, na kila aliporudi alilikuta neno lilelile linamngoja.

Mwanao,
Mwende