Mlio wa Gurudumu Langu

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba, mama. Huku Msimbazi sote wazima. Shangazi yako amejifungua binti. Umeuliza kama niliwahi kushinda mbio za baiskeli.

Nilikaribia. Klabu yetu ilitoka Kariakoo kwenda Morogoro. Nilikuwa naongoza, bingwa wetu Hamisi akinifuata mgongoni. Baada ya Chalinze nikakwepa lori bovu, naye akakwepa.

"Kulikuwa na nini pale?" akauliza.

"Lori! Hukuliona?"

"Macho yameingia giza tangu Mlandizi. Nafuata mlio wa gurudumu lako."

Nilipigwa na butwaa, nikarudi ubavuni mwake. Nikamshika bega, tukapunguza mwendo, tukashuka. Wenzetu wakatupita.

Sikushinda, mama. Ila mpaka leo, hata nikitembea tu Kariakoo, hugeuka kutazama nani yuko nyuma yangu.

Babu yako