Ndiyo, Nimecheka Ndani ya Eda

Chang'ombe,
Dodoma.
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulnasiri,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua kabla hujafika mstari wa pili umeshaniamkia kimoyomoyo, hata kama umenikasirikia. Hujambo wewe? Anifa hajambo? Watoto wameshaizoea shule ya huko na lugha yao? Mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umepoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Presha imeshuka. Magoti yananiuma, ila kwa sababu nzuri ambayo utaisikia. Huku ni upepo na vumbi tu, na asubuhi baridi inatuweka ndani ya masweta mpaka saa nne. Mpwa wako Shamila yuko chuoni Mbeya, yumo kwenye mitihani, anakusalimia.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu ujumbe wa sauti siuamini tena. Unamtumia mtu mmoja, jioni ukoo mzima umeshausikiliza. Barua hii anakuletea Lea, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule mtumishi wa wizarani niliyekwambia. Kazini kwao wamempeleka huko Ankara kwa kozi. Mpokee vizuri. Siku za msiba wa shemeji yako ndiye aliyeshika jiko langu kama ndugu wa tumbo moja.

Haya. Ujumbe wako nimeusikiliza. Umesema, "Dada, mpe wifi yako Mishi hiyo miwani ya gemu, yaishe. Ukitoka eda nitakutumia nyingine." Jibu langu ni hapana. Simpi. Hata ukituma kumi, hii haitoki ndani ya nyumba hii. Na wewe uliyeileta ndiye mtu wa mwisho niliyetegemea aniambie maneno hayo.

Naona umesimuliwa nusu. Sasa nisikilize mimi.

Miwani ilipofika mwezi wa Desemba, shemeji yako Masudi alikuwa ameshapigwa na kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi, maneno yanatoka nusunusu. Mtu aliyekuwa akichekesha mtaa mzima pale dukani kwake, sasa anatazama ukuta tangu asubuhi mpaka magharibi. Wewe ulisema akiivaa ataiona dunia akiwa kitini. Tukamvika. Akatulia kidogo, kisha akaanza kuivuta kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Kizunguzungu kikamshika, akatapika uji wote. Nikasema basi, zawadi ya Nasiri imekwenda na maji.

Masudi akaninyooshea kidole. Vaa wewe.

We Nasiri! Niko sebuleni kwangu Chang'ombe, kufumba na kufumbua niko kwenye ukumbi mkubwa, dari sijui iko wapi, na mbele yangu mlango. Unajua nilifanya nini? Nilipiga hodi. Nikavua na kandambili. Lea, ambaye ndiye aliyekuwa akituunganishia mitambo, akakaa chini kwa kucheka. Mara akatokea mtu wa kucheza naye, ana kichwa na mikono tu, kiwiliwili hana, miguu hana. Nikasoma Ayatul Kursiy yote bila kupumua. Lea akaniambia, "Mama Shamila, huyo ni mashine tu, mrudishie mpira!"

Na mpira wenyewe ni mpira wa meza! Mchezo wangu! Unakumbuka shuleni Kondoa, tulivyokuwa tukiulaza ule mlango uliong'oka juu ya madawati, nikawafunga mpaka walimu? Tangu niolewe sikuwahi kushika kibao. Lakini mkono ulikumbuka wenyewe. Mpira wa kwanza nikaurudisha. Wa pili nikaupiga kwa nguvu zangu zote, kumbe nimelipiga kabati la vyombo. Birika la harusi, lile lenye maua, likaja chini vipande vipande.

Nikaivua miwani haraka nimwombe radhi mwenye nyumba. Ndipo nikasikia. Masudi anacheka. Kile kicheko chake kinachoanzia puani, mabega yanapanda, halafu kinamwagika chote kwa pamoja. Hakuwa amecheka tangu augue. Nilisimama pale na mpini wa birika mkononi nikalia kama mtoto.

Tangu hapo kila baada ya alasiri ilikuwa ndiyo kazi yetu. Mimi nacheza, yeye yuko kitini na simu pajani, maana picha ya mchezo inaonekana kwenye simu, naye ndiye refa. Kutamka alikuwa hawezi, kwa hiyo anagonga mkono wa kiti. Mara moja, pointi yangu. Mara mbili, pointi ya mashine. Na alivyokuwa ananionea! Nafunga bao safi kabisa, yeye anagonga mara mbili, kisha anaangalia pembeni kujitia hamnazo. Namgombeza, anacheka. Tulikwenda hivyo mpaka juma alilofariki.

Sasa nije kwenye eda. Tangu mwezi wa Shawwal niko ndani. Geti sijalivuka. Wanja, hina, manukato, vyote nimeviacha. Majuma ya mwanzo miwani sikuigusa. Nilikaa na msiba wangu, watu wakija wakinikuta, wakiondoka wakiniacha. Baadaye wakaacha kuja, ndivyo ilivyo kila mahali. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kuongea na friji. Alasiri moja nikaitoa kabatini, nikaivaa, nikacheza. Nilipopata pointi nikasema kwa sauti, "Baba Shamila, hesabu hiyo!" Nikacheka. Nilicheka, sikatai.

Kumbe wifi Mishi amesimama mlangoni na hotpoti ya maandazi.

Jiweke mahali pake. Mjane wa kaka yake amevaa nguo zake nyeupe za eda, uso umefunikwa na dude jeusi, anaruka huku na huku, anapunga mkono hewani, anacheka na kumwita marehemu. Maandazi yote chini. Kabla ya magharibi Chang'ombe nzima ilikuwa inajua kwamba mjane wa Masudi anacheza dansi ndani ya eda. Wengine wakasema napanda ile miwani na kutoka nayo, nakwenda ninakotaka na kurudi. Wengine wakasema nimepagawa.

Baadaye akaja na mashangazi wawili wa marehemu na ustadh Amiri, yule aliyetuswalishia jeneza. Wakanisomea makosa. La kwanza, kwamba miwani ni pambo, kwa sababu inavaliwa usoni, na mwenye eda hajipambi. La pili, kwamba natoka nje.

Nikawajibu, Nasiri, wala sikuinamisha kichwa. "Pambo? Pambo gani hilo linaloziba uso mpaka pua, ukilivua umebaki na alama kama mtu aliyelalia sufuria?" Ustadh akakohoa, akaangalia zulia. Habari ya kutoka nje nikawaonyesha kwenye simu kwa macho yao. Ile miwani kabla haijakuchezesha inakutaka uchore mpaka sakafuni, na mimi nimeuchora kuzunguka mkeka. Ukiusogelea, unatokea wavu mwekundu mbele ya macho. Ukiuvuka, mchezo unakatika. Mlangoni kwangu kwenyewe sifiki! "Nyinyi mmenipa eda ya nyumba nzima," nikawaambia, "hili dude limenipa eda ya mkeka."

Ustadh akaniuliza kama huko ndani naongea na wanaume. Nikamwambia sauti nimeifunga, nacheza na mashine peke yake. Akasema yeye haoni pambo wala haoni kutoka, kilichobaki ni mambo ya mioyo na hayo tuyamalize wenyewe. Akanywa chai yake akaaga.

Mishi hakuridhika. Alisimama pale sebuleni akaniambia, "Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unacheka. Ushamba wenu wa Kondoa huo." Halafu akatoa neno lake: ama aondoke na miwani, au siku ya kutoka eda upande wa marehemu hawatatia mguu hapa. Desturi yao unaijua. Wao ndio huja asubuhi, wakamwogesha mjane, wakamfunga kanga mpya na kumtoa mlangoni mbele ya majirani wote. Mjane asiyetolewa na wakwe zake ni kama amefukuzwa, na habari hiyo haimwachi maisha yake yote.

Hapo ndipo ulipopigiwa simu wewe, na wewe ukakimbilia kuniombea radhi. Radhi ya nini, Nasiri? Nani alikutuma? Mume wangu nimemuuguza kwa mikono hii. Nimemlisha, nimemgeuza, nimemsafisha, na sikumwita mtu anisaidie kulalamika. Nimemlilia mpaka macho yakakauka, na nikitaka kulia tena sitaomba ruhusa kwa mtu. Lakini kile kicheko ndicho kitu cha mwisho tulichokuwa nacho mimi na yeye, na kimo ndani ya mchezo ule. Mnataka nikitie kwenye mfuko nimkabidhi mtu aende nacho, ili nionekane nina adabu? Thubutu! Wasipokuja kunitoa nitajitoa. Kanga nimeshazikunja, ndoo ninayo, maji ninayo, na mlango wa nyumba yangu naujua ulipo.

Hayo yote nilitaka kukuandikia tangu ujumbe wako ulipofika, nikawa naahirisha. Sasa Jumatano iliyopita limetokea jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alasiri Mishi alikuja peke yake. Nilimwona dirishani anafungua geti, nikaichukua miwani nikaiweka pajani na kuifunika kwa mtandio, nikasema leo anayeitaka atanitoa roho kwanza. Akaingia, akaketi. Si kwenye kochi, akaketi kwenye kile kiti cha Masudi. Kisha akasema, "Lea ameniambia ulikuwa ukicheza na kaka akiwepo."

"Ndiyo."

"Na alikuwa anacheka?"

"Kila siku."

Nasiri, yule mwanamke uso ulimbadilika. Akaniambia, "Mimi kila nikija alikuwa ananitazama tu. Namsomea Yasini, nalia, naondoka. Hakunichekea hata siku moja."

Hasira zikanishuka. Si zote. Nikamwambia ukweli, na ukali wangu unaujua. Nikamwambia, "Wifi, ulikuwa unakuja na uso wa matanga, na mwenyewe bado yu hai." Nikadhani atanirukia. Hakunirukia. Akawa anapapasa mkono wa kile kiti, pale pale palipochubuka kwa kugongwa. Halafu akauliza taratibu, "Alikuwa anacheka vipi? Vilevile, kwa pua?"

Basi nikamwigizia. Nikaanzia puani, nikapandisha mabega, nikajifanya nimemnyang'anya mtu pointi yake na kuangalia pembeni. Mishi akajiziba mdomo kwa mtandio. Nikasema nimeshamliza tena. Kumbe anacheka! Akasema hata utotoni akiiba karanga alikuwa anaangalia pembeni hivyohivyo. Akagonga mkono wa kiti mara mbili. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, mpaka bibi wa nyumba ya pili akaja kuchungulia ukutani. Halafu tukalia wote, tukashikana.

Usidhani nimeitoa miwani. Wala hakuiomba. Nilimuuliza kama anataka kuivaa, akasema, "Mimi hilo dude silivai hata kwa dawa." Alipofika mlangoni aligeuka akasema niwe naifunika kwa kitambaa, maana vumbi la mwezi huu litaiingia. Habari ya siku ya kutoka eda hakuigusa, na mimi sikumuuliza. Wakija, karibu, maji ya kuoga yatakuwa ya moto. Wasipokuja, nitatoka vilevile, asubuhi, kwa miguu yangu, na mashoga zangu wa mtaa huu wataniona vizuri.

Nisalimie sana Anifa, umwambie yale mazulia aliyotuma yamefika. Wabusu watoto. Mama yetu huko Kolo hajambo, anasikia kwa sikio moja lakini ulimi haujachoka, anakuombea kila swala. Shamila anasema mjomba asisahau kumpigia akimaliza mitihani. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe riziki isiyo na masimango, na akurudishe nyumbani tukiwa bado tunajuana kwa sura.

Na ukipigiwa simu tena na yeyote, akakuuliza kama ni kweli dada yako alicheka ndani ya eda, usiniombee radhi. Sema ndiyo, alicheka. Na Jumatano walikuwa wawili.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,

Stara