Mbwa Wako Yuko Kwangu, Bwana Shamba

Bwana Shamba,

Mimi Selemani Likwachu nina miaka themanini kasoro miwili kwa hesabu ya marehemu mama, na kwa hesabu yangu mwenyewe nimeshaipita. Wazungu wa karanga walikuja Nachingwea nikiwaona na wakaondoka nikiwaona. Reli yao iling'olewa chuma kwa chuma, mimi nimesimama kando natafuna muhogo. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na mzee aliyenifundisha kuchimba kaburi. Na wewe, uliyekuja hapa Mtua na meno yote mdomoni, umenitangulia. Hili la kwako sijalizoea.

Naandika mwenyewe. Unanijua, kusoma na kuandika nilipata kwenye darasa la watu wazima, yaliyozidi hapo nimeyapata kwa ubishi. Mstari ukipinda usicheke.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu Rashidi, yule anayenunua ufuta Ruangwa, anataka nikakae kwake. Ana nyumba ya bati, ana umeme, ana choo cha ndani. Ananitaka mimi na godoro langu. Mbwa wako hamtaki. Jumamosi iliyopita alileta gari, na yaliyotokea yameshasemwa mpaka Nambambo, kila mtu anatia chumvi yake. Nataka uyapate kwangu. Lakini siwezi kuanzia kwenye gari, lazima nianzie kwa mbwa wa kwanza.

Ulikuja miaka ile ya tisini na pikipiki ya serikali, kutufundisha kupulizia mikorosho salfa, maana ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umetumaliza. Nyuma ya pikipiki umefunga kreti la soda, na ndani ya kreti kakaa mbwa jike mwekundu, masikio yamesimama, anatutazama kama mkuu wa wilaya. Ukasema, "Huyu ni Neema, wa nyumbani kwangu." Tukadhani unatania. Mkeo alipofika na mizigo kutoka Iringa, akamshika yule mbwa shingoni akamuuliza habari za safari. Marehemu mke wangu Somoe alirudi nyumbani ameshika tumbo kwa kicheko. "Selemani, wale watu wa bara wanaamkiana na mbwa!"

Mbwa ana sahani yake. Mbwa analala ndani. Barua za watoto wako waliobaki shuleni kwenu ulikuwa ukinisomea barazani, na nilisikia kwa masikio yangu: "Msalimieni dada Neema." Dada! Jirani yangu Chande, na ulimi wake unaujua, akasema unamnenepesha, siku moja utatualika pilau. Nami nilicheka, sitakuficha.

Usituone wabaya. Mbwa nimefuga tangu sijaota ndevu, na nguruwe wa porini waliokufa kwenye mahindi yangu hawahesabiki. Ila mbwa wetu ni wa nje. Analala chini ya dungu, sisi tuko juu tunalinda shamba. Akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, na mara moja ni kwa udongo. Na jina lake ni salamu kwa jirani. Wangu aliitwa Mtasema, na Chande alijua kabisa anayeambiwa ni nani. Wa Chande aliitwa Wivu. Tumetukanana kwa kuita mbwa miaka kumi, hatujawahi kugombana. Wewe ukaja ukaniuliza, "Mzee wangu, Mtasema amekula leo?" Sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nikakujibu mbwa hujitafutia. Ukaniambia kwenu milimani ni baridi, mlipokuwa wadogo mlilala jikoni, watoto na mbwa ubavu kwa ubavu, asubuhi nyasi zimeganda nyeupe nje. "Aliyekupa joto utamwitaje, mzee?" Nikakuambia tuendelee na salfa.

Nilikuwa na sababu yangu. Kwenye kambi ya karanga nilifanya kazi jikoni kwa Mzungu mmoja. Mbwa wake alikuwa na blanketi, na nyama kila siku. Mzungu yule alimjua mbwa wake mpaka kucha, na mimi miaka miwili nilikuwa boi tu, jina langu hakuliuliza. Nikajiwekea moyoni kwamba anayemfanya mbwa mtu, watu amewapunguza. Nilikaa na hilo miaka arobaini na zaidi. Sasa wewe ulijua majina ya wajukuu wangu wote, na mikorosho yangu uliijua mmoja mmoja, upi unaumwa na upi ni mvivu. Ningeliona kosa langu mapema kama nisingekuwa mbishi.

Sasa lile kaburi. Wengine wanalisimulia vibaya, acha nilisimulie mimi.

Natoka shamba, sururu begani. Napita nyuma ya nyumba yako, nakukuta unachimba, jasho na machozi vinashindana. Mkeo kakaa mkekani, miguu kainyoosha, kajitanda khanga. Bwana Shamba, hapa kwetu ukimkuta mtu anachimba kaburi huulizi. Unapokea jembe. Kuuliza ni baadaye. Na mimi si mchimbaji wa kubahatisha, kutoka hapa mpaka Chinongwe hakuna anayenyoosha ukuta wa kaburi kama mimi, hata wanaonichukia watakuambia. Nilijua watoto wako wamekuja likizo. Nikasema kimoyomoyo, mmoja kaondoka. Nikakunyang'anya jembe. Ukaanza, "Mzee, ngoja nikueleze." Nikakukaripia, "Mfiwa hachimbi, na mfiwa hana maelezo. Kaa!" Ukajaribu tena, nikakukaripia tena. Mara tatu. Nikamwita Chande, akaja na chepe. Habari ikatoka. Wanawake wakaja na unga na kuni vichwani, Somoe mbele analia. Nikachimba mpaka kifuani, la Kikristo, maana mimi huchimba la kila dini, pembe zimekaa kama sanduku la fundi. Nikatoka, nikajipangusa, nikasema kwa sauti, "Leteni mwili."

Mkamleta Neema, kwenye shuka jeupe.

Kisha Chande akasema, "Selemani, basi mwimbie na wimbo wa kanisani, si unajua kila dini?" Watu wakaangua kicheko. Nilikuambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilikuambia umenivua nguo mbele ya kijiji. Na wewe, macho mekundu, ukanijibu taratibu, "Mzee wangu, mimi nilitaka shimo la magoti. La kifua umelichimba wewe." Hapo nikaapa mbele ya wote kwamba mbwa hataingia chini ya paa langu hata mvua ya mawe inyeshe.

Ulichofanya baada ya hapo ndicho kilichonishikisha kalamu. Hukucheka, hukununa. Uliwafuata wale wanawake mmoja mmoja, unga bado uko vichwani, ukawashukuru. Ukasema, "Mmekuja mbio mkidhani ni mwanangu. Basi nami misiba yenu ni yangu." Nikadhani ni maneno ya msomi. Loo! Tangu siku ile hapakuwa na msiba Mtua ambao wewe hukufika. Mvua isimame, isisimame, unafika na jembe lako, unachimba pembeni yangu. Watu wakisimama kuswali unasogea kando, umevua kofia, unangoja, kisha unarudi kufukia. Na msimu mzima sikuwa nakusalimia! Tulichimba makaburi manne bila kusemezana, tunapishana shimoni kama wageni. La tano lilikuwa la mama yake Chande. Jiwe likatukatalia. Ukasema, "Mzee, tuling'oe kwa huku." Nikasema, "Kwa huku ndiyo." Ndivyo tulivyopatana.

Somoe alipougua ni wewe uliyempakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia, mpaka hospitali Nachingwea. Aliporudi maiti, kaburi ulichimba wewe. Safari hiyo mimi ndiye niliyekalishwa. Nikanyanyuka kuja kukuelekeza ukuta, ukanigeukia, "Mfiwa hana maelezo. Kaa!" Nikacheka, Bwana Shamba. Siku ya kumzika mke wangu nilicheka na kulia kwa mpigo mmoja. Hakuna mtu mwingine ambaye angethubutu.

Baada ya arobaini nilikuletea mtoto wa Mtasema, dume, ana doa jeupe kifuani. Ukamwita Asante. Chande akalalamika kwamba jina hilo halimkeri mtu yeyote, sasa mbwa wa nini.

Halafu homa ikakushika. Siku nne tu, na mimi niko Ruangwa kwa Rashidi. Nimerudi nakuta lori linanguruma, jeneza liko juu, ndugu zako wanaharakisha safari ya Iringa. Nimewachimbia watu nisiowapenda, na wewe umechimbiwa na watu nisiowajua. Sijui kama ukuta waliunyoosha. Hilo nimelilalia na kuliamkia. Mkeo akanishika mkono, akasema, "Mzee, Asante hatuwezi kumpandisha. Njia ni ndefu." Hakuniomba kitu. Alisema hivyo tu, akapanda.

Mbwa akakaa mlangoni kwako. Watu wakapita. Akaja bwana shamba mpya, kijana wa miwani ya jua, hamjui mkorosho hata mmoja, akahamia na masufuria yake, na mbwa bado yuko palepale mlangoni, mbavu zinahesabika. Mimi nikapita mara ya kwanza. Nikapita ya pili. Ya tatu miguu ikagoma. Nikasema, mambo ya mbwa wa ndani siyajui, lakini mfiwa namjua nikimwona, kazi yangu miaka yote ni kukaa na wafiwa. Na mfiwa hapitwi. Nikamwita, "Asante, twende." Akaja.

Nilikwenda kwa shehe kumuuliza. Akaniambia mbwa wa kulinda hana neno, vyombo nivitenge, na ninaposwalia nipatenge. Nimetenga vyote. Analala mlangoni, upande wa ndani. Mvua ikizidi anasogea ndani zaidi, na kiapo changu nimekilipia kwa kufunga siku tatu. Usichekelee. Sijasema ni mwanangu. Mbwa si mtoto, na tutabishana hilo hata huko. Ila yeye ni mtu wa nyumba yako, na mtu wa nyumba yako akikaa kwangu ni mgeni wangu. Mgeni simfukuzi. Mimi nimefika hapo, wewe ulikuwa umefika mbele zaidi.

Sasa Jumamosi. Rashidi alikuja na dereva wake Kassimu. Godoro likapakiwa, sanduku likapakiwa, mkeka wa kuswalia nimeushika mkononi. Nimekaa mbele kama bwana harusi. Asante akaja, akaweka miguu ya mbele kwenye bodi ya gari. Rashidi akamsukuma kwa kiatu. Hakumpiga, nasema haki, alimsukuma. "Baba, huyo mwache. Kwangu kuna watoto, kuna wageni wanaswali. Watu watasemaje?" Nikamwambia huyu ni mbwa wa Bwana Shamba. Akasema, "Bwana Shamba amekufa, baba."

Ni kweli. Hakusema uongo. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki. Nikaiona moyoni barua ya mkeo inakuja, wanao wameandika chini yake, msalimieni Asante, na mimi niko Ruangwa natazama televisheni. Nikafungua mlango. "Kassimu, shusha godoro."

Rashidi alilia, Bwana Shamba. Mwanamume wa biashara zake analia barabarani. "Unamchagua mbwa, unaniacha mimi?" Kwa mara ya kwanza katika umri wangu sikupaza sauti. Nikamwambia, "Kaburi la mama yako lilichimbwa na mwenye mbwa huyu. Siku hiyo mimi nimekalishwa, wewe bado uko njiani. Simchagui mbwa. Naogopa kuwa mtu asiye na shukrani, na kwa uzee huu sina muda wa kujirekebisha." Akapanda gari. Hajapiga simu mpaka leo, ingawa Chande ana simu ya mkononi na kila jioni anapanda kichuguu kutafuta mtandao, anarudi anatikisa kichwa. Inaniuma. Mwanangu ni mwanangu. Akirudi nitampokea, na mlango wa Ruangwa sijaufunga mimi. Lakini atanichukua nilivyo, na niliye naye.

Salfa tunapulizia kama ulivyotuelekeza, kabla jua halijapanda. Mkorosho ule mvivu umezaa mwaka huu. Nilitaka ujue.

Nakuahidi hivi: Asante hatakaa tena peke yake mlangoni kwa mtu, maadamu mimi ninapumua. Akinitangulia nitamwandikia mkeo kwa mkono huuhuu. Nikimtangulia, nimeshasemezana na Chande. Alinitukana sana, kisha akauliza analala saa ngapi.

Tulia huko, mdogo wangu. Umeishi vizuri na watu, na hilo sijawahi kumwambia mtu akiwa hai.

Na kama huko umeambiwa nimechanganyikiwa, mashahidi ninao. Yupo Kassimu aliyeshusha godoro. Yupo Chande, alikuwa amesimama uani kwake anatazama kila kitu, na siku hiyo, Mungu shahidi yangu, hakusema neno. Na yupo Rashidi mwenyewe, ana hasira na mimi lakini uongo sikumfundisha. Siku wakifika huko, mmoja mmoja, waulize.

Selemani Likwachu
Mtua, Nachingwea